Manga Yako ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kubuni Hadithi na Wahusika

Maswali haya nimeulizwa na vijana wanaochora, wengi wao wakiwa na daftari lililojaa nyuso na macho lakini halina hadithi hata moja iliyofika mwisho. Nimeyajibu nikimfikiria mtu ambaye hajawahi kumaliza kuchora manga, yaani hadithi ya katuni ya mtindo wa Kijapani, na anataka kumaliza ya kwanza. Sehemu kadhaa nimetumia mfano mmoja niliobuni, ili uone wazo linavyokua kutoka sentensi moja hadi kufikia ukurasa.

Nina hadithi kubwa kichwani, ya sura mia tatu. Nianze na sura ya kwanza?

Hapana. Ipe hadithi hiyo daftari lake, uifunge, kisha ubuni nyingine fupi inayoanza na kuisha. Wajapani huiita yomikiri: unaisoma mara moja na kuimaliza. Wengi wenye majina makubwa walipitia njia hiyo. Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, alichapisha hadithi mbili fupi mwaka 1996, zote zikiitwa Romance Dawn, na shujaa wake Luffy alikuwa tayari yumo na kofia yake ya nyasi. One Piece yenyewe ilianza Julai 1997. Masashi Kishimoto alimchora Naruto kwenye hadithi fupi ya mwaka 1997, miaka miwili kabla ya mfululizo kuanza, na Naruto yule hakuwa ninja. Alikuwa kiumbe wa ukoo wa mbweha. Ninja walikuja baadaye, mwandishi alipokwisha kuona kipi kwa mhusika wake kinashika na kipi kinateleza.

Kwenye mashindano ya Japani, hadithi fupi nyingi huwa na kurasa 30 hadi 50 hivi. Kwa mara ya kwanza kabisa nashauri kurasa 16. Piga hesabu: kila ukurasa ukiwa na fremu tano, yaani visanduku vitano vya picha, hizo ni fremu 80 za kupanga, kuchora, kupaka wino na kuandikia maneno. Hiyo ni kazi ya miezi kwa mtu mwenye shule au ajira. Sura mia tatu zinangoja. Kinachokupa haki ya kuzianza ni kuwa umewahi kuandika neno "mwisho" mahali fulani.

Sina wazo lolote. Wenzangu wanayapata wapi?

Wanayapata kwenye mambo ambayo wao wanayajua na jirani yao hayajui. Hiromu Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido na akafanya kazi hapo miaka kadhaa kabla ya kuhamia Tokyo kuchora. Mwaka 2011 alianza Silver Spoon, hadithi ya wanafunzi wa shule ya kilimo, na ukiisoma unaona mtu aliyewahi kuamka alfajiri kukamua. Takehiko Inoue alicheza mpira wa kikapu shuleni kabla ya kuanza Slam Dunk mwaka 1990. Hajime Isayama, mchoraji wa Attack on Titan, ameeleza kuwa hofu ya majitu yake ilitokana na usiku mmoja alipokuwa akifanya kazi kwenye mgahawa wa intaneti: mteja mlevi akamkamata shati, na hakukuwa na lugha ya kuzungumza naye. Tazama alichokichukua pale. Hakuandika kisa cha mlevi. Alichukua ile hali ya kukabiliwa na kiumbe kinachofanana na mtu lakini hakisikii neno, akaikuza mpaka ikawa na urefu wa ghorofa.

Basi anza na orodha yako ya kweli. Umewahi kuuza nini? Nani nyumbani kwenu hazungumzi na nani, na tangu lini? Ni kazi gani umeitazama kwa karibu hadi ukajua makosa yake: ususi, uvuvi, kuchomelea vyuma, kuchezesha muziki kwenye harusi? Ni kitu gani uliogopa ukiwa na miaka saba? Andika kwa wiki mbili, mistari mitatu kila siku, bila kuchagua. Usiandike "wazo la manga". Andika ulichokiona: mikono ya mama muuza samaki ikifunga noti kwenye pindo la khanga, mtoto anayejifunza baiskeli kubwa kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo. Baada ya wiki mbili utakuta mistari miwili au mitatu unaifikiria hata ukiwa umelala. Hiyo ndiyo yako.

Nianze na hadithi au na mhusika?

Kwa kazi ya kwanza, anza na mhusika, kwa sababu ulimwengu hauna mwisho na mtu ana mwisho. Nimeona vijana wakichora ramani za falme tisa, bendera zake, na aina kumi na mbili za nguvu, na bado hakuna mtu hata mmoja anayetoka kitandani asubuhi akiwa na haja.

Mtu unayemhitaji anataka kitu, na kuna jambo linalomzuia. Haja iwe ndogo kiasi cha kuonekana kwa macho. "Anataka amani" haichoreki. "Anataka ufunguo ulio mfukoni mwa baba yake" inachoreka.

Huu ndio mfano wetu. Mashaka ana miaka kumi na saba, yupo Dar es Salaam, na anataka kuwa konda wa daladala. Kazi ya konda ni kuita abiria. Mashaka ana kigugumizi.

Hilo tu. Haja na kizuizi vimekaa ndani ya mtu mmoja, na kila msomaji aliyewahi kusimama kituoni anaelewa tatizo kabla hajasoma ukurasa wa pili. Ukiweza kumweleza mhusika wako kwa sentensi tatu kama hizo, na anayekusikiliza akauliza "ikawaje?", una hadithi. Akisema "nzuri" tu, bado.

Nitajuaje kama mhusika wangu ana uhai?

Acha kujaza fomu za umri, kundi la damu na chakula anachokipenda. Mweke kwenye jambo dogo lisilohusu hadithi yako, uone anafanya nini. Yupo kwenye foleni ya maji, mtu mwenye ndoo tatu anamruka. Amepewa chenji iliyozidi. Amekaribishwa chakula kwenye nyumba ambayo anajua hakitoshi. Ukijua papo hapo atafanya nini, ameanza kupumua. Ukiona angefanya kile ambacho mtu yeyote mwema angefanya, bado ni kivuli.

Mashaka, kwa mfano, angerudisha chenji iliyozidi, lakini angeiweka mezani akaondoka haraka bila kusema kitu, kwa kuwa kueleza kungemchukua muda na watu wangemtazama. Muuzaji angemwona mwenye kiburi. Hapo nimejifunza jambo ambalo sikulijua: watu wanamwona Mashaka ana maringo. Hilo linaingia kwenye hadithi.

Mpe pia kitu anachokifanya vizuri, kisichohusiana na sifa za jumla kama ujasiri. Mashaka ana masikio makali. Anajua kwa mlio wa injini kwamba gari limebeba watu wangapi. Na mpe kosa linaloudhi kweli. Wahusika wengi wa kwanza wana makosa ya kupendeza tu: "anajali sana wengine", "anafanya kazi kupita kiasi". Mashaka huwakasirikia wanaomsaidia kumalizia sentensi, hata mama yake.

Aonekane vipi?

Mchore mzima, kisha umpake weusi wote kama kivuli ukutani. Ukiwapanga wahusika wako watatu hivyo na rafiki yako akashindwa kuwatofautisha, rudi mwanzo. Manga kwa kawaida huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nywele nyekundu na macho ya kijani hayatakuokoa. Umbo litakuokoa: mabega, urefu wa shingo, namna anavyosimama.

Usimvalishe vitu vingi. Mkufu wenye shanga kumi na saba unapendeza kwenye mchoro mmoja, lakini utauchora mara 80 na shanga zitaanza kupotea njiani.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye nywele na ngozi, maana vitabu vingi vya kujifunzia manga havitufikirii. Nywele zetu zina ruwaza ambazo wino unazipenda. Twende kilioni ni mistari inayoelekea upande mmoja, hivyo inaonyesha kichwa kimegeukia wapi kabla hujachora pua. Mabutu yanatoa kivuli kisichofanana na cha mtu mwingine yeyote. Jifunze zinavyokaa kichwani kwa kumtazama msusi akifanya kazi, kisha zipunguze hadi mistari michache unayoweza kuirudia kwa kila pembe. Kwa ngozi nyeusi kuna njia tatu: kuacha karatasi nyeupe na kutegemea umbo la uso, kuweka vitone vya kijivu, au kuchora mistari myembamba sambamba. Yoyote inafaa. La muhimu ni kuijaribu mapema kwenye tukio la usiku, mhusika akiwa mbele ya ukuta mweusi na nywele nyeusi, kwa sababu hapo ndipo uso hupotea. Na chora midomo na pua za watu unaowajua. Zile katuni za kigeni za zamani zilizochora Waafrika kwa kejeli zimewaingia wengi mikononi bila wao kujua.

Je, ni lazima wahusika wawe Wajapani, wenye sare za shule na majina ya Kijapani?

Si lazima. Wajapani wenyewe wamepeleka hadithi zao Ulaya ya zamani, Misri, Marekani na kwenye nchi zisizokuwepo. Manga ni namna ya kusimulia kwa fremu: muda unavyonyooshwa, uso unavyosogezwa karibu, kimya kinavyopewa ukurasa mzima. Namna hiyo inabeba Tanga na Bukavu sawa na inavyobeba Osaka.

Ukiamua hadithi iwe Japani, fanya hivyo kwa heshima: soma kuhusu mji mmoja mahususi, ujue treni zake, chakula chake, watu wanavyoitana. Usitegemee ulichokiona kwenye manga nyingine pekee, kwani utakuwa unachora picha ya picha.

Na sisi hatuanzi patupu. Wasomaji wa Tanzania walikua na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa katuni kwenye gazeti la Sani, na huko Kenya vijana wamemfuata Boyie wa katuni za Shujaaz tangu 2010. Watu wetu wanajua kusoma fremu.

Hadithi yangu ina adui mwenye nguvu nyingi, lakini hatishi. Kwa nini?

Pengine kwa sababu hana sababu. Kwenye mfano wetu, anayemzuia Mashaka ni dereva, Mzee Kombo. Anamwambia asubuhi: "Dogo, leo tu. Jioni mwanangu anarudi kutoka Morogoro, kazi ni yake." Mzee Kombo si mtu mbaya, ana mtoto asiye na ajira. Msomaji anamwelewa, na ndiyo maana inauma. Mpinzani mwenye haki yake ana uzito kuliko yule anayecheka gizani.

Nipangeje matukio? Nimesikia kuhusu kishotenketsu.

Ni mpango wa sehemu nne uliotoka kwenye ushairi wa Kichina na kukaa sana Japani, hata kwenye katuni za fremu nne zinazoitwa yonkoma. Ki ni kufungua, sho ni kuendeleza, ten ni kugeuza, ketsu ni kufunga. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji vita. Unahitaji mgeuko: jambo jipya linaloingia na kukufanya uyaone upya yaliyotangulia.

Tuupitishe kwa Mashaka. Kwenye ki, kurasa nne, ni alfajiri kituoni. Mashaka anafungua mdomo kuita "Gongo la Mboto", neno linakwama kwenye g, abiria wanapanda gari la pembeni. Mzee Kombo anaondoa gari bila hata kungoja konda agonge bodi.

Sho, kurasa tano: siku inaendelea. Mashaka anaacha kuita. Anagonga bodi kwa sarafu, mapigo yake mwenyewe, mawili mafupi na moja refu. Abiria wengine wanacheka. Hesabu inapungua. Kwenye fremu moja ya pembeni, bila maelezo, tunamwona bibi mwenye fimbo nyeupe akishuka, naye Mashaka anamshika kiwiko.

Ten, kurasa nne: jioni, umeme umekatika, mvua inanyesha, daladala sita zimebanana na makonda wote wanaita kwa pamoja. Bibi yule amesimama katikati ya makelele, hajui aelekee wapi. Ukurasa unafunguka, na kelele zote zinafutwa. Kilichobaki ni sarafu kwenye bati. Bibi anageuza kichwa.

Ketsu, kurasa tatu. Bibi amekaa. Mlango umejaa. Mzee Kombo ameweka mguu kwenye breki, anatazama kioo, na safari hii anangoja. Mashaka anagonga mara mbili. Gari linaondoka.

Angalia mambo mawili. Sikukiponya kigugumizi chake, kwa kuwa hadithi haikuwa juu ya kuponywa. Na sikusema kama atapata kazi. Haja ya juu ilikuwa kazi. Ya chini ilikuwa kusikika, na hiyo ndiyo niliyoijibu. Kama utachukua jambo moja kwenye maswali yote haya, ningependa liwe hilo la haja mbili.

Nemu ni nini, na kwa nini nisianze kuchora moja kwa moja?

Nemu ni rasimu ya manga nzima kwa michoro ya vijiti: fremu, viputo vya maneno, nani anatazama wapi. Japani mhariri huisoma hiyo kwanza, na mchoraji huirudia mara nyingi kabla ya kugusa wino. Chukua karatasi za kawaida, uzikunje kama kijitabu, uchore haraka. Ukurasa mmoja usikuchukue zaidi ya dakika kumi.

Sababu ni kwamba mshtuko wa manga unakaa kwenye kufungua ukurasa. Jambo la kushangaza liwekwe pale ambapo msomaji hawezi kuliona mpaka afungue. Hilo hulioni kwenye maandishi. Unaliona kwenye kijitabu.

Kabla ya nemu, amua pia mwelekeo. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kiswahili cha leo kinakwenda kushoto kwenda kulia, na viputo vyako vitafuata maandishi, kwa hiyo mimi huchora kushoto kwenda kulia. (Mababu zetu wa pwani walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walisoma kutoka kulia, kwa hiyo ukichagua upande huo hutakuwa umepotea sana.) Chagua mmoja na usiubadilishe katikati.

Milio nayo? Niandike kwa Kijapani?

Usiache hazina nyumbani ukaenda kukopa! Kijapani kina utajiri mkubwa wa maneno ya mlio na hali, hata kina neno la ukimya, shiin, linaloandikwa juu ya fremu tulivu. Sisi tuna tanakali, yaani maneno yanayoiga mlio au hali: kimya jii, anguka pu, tumbukia chubwi, lala fofofo, giza totoro, jaa pomoni. "Jii" ikichorwa kwa herufi nyembamba juu ya kituo kilichonyamaza inafanya kazi ileile, na msomaji wako aliisikia kwa bibi yake kwanza. Kwa sarafu ya Mashaka nilijaribu "ti" na "ko", nikaishia "ko-ko-kooo", kwa sababu ndani ya daladala bati linavuma.

Siwezi kuchora vizuri. Niache?

Usiache. Kuna manga mashuhuri zilizoandikwa na mmoja na kuchorwa na mwingine. Death Note, iliyoanza mwaka 2003, iliandikwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata. Ukipata mwenzako, kubalianeni kwa maandishi kabla ya ukurasa wa kwanza: nani anamiliki nini, na jina la nani linakaa wapi. Na hata ukitegemea mchoraji, chora nemu mwenyewe kwa vijiti, maana ndiyo lugha yenu ya kuelewana.

Ni kosa kuiga wahusika ninaowapenda?

Kuiga kwa mazoezi ni shule ya zamani na nzuri. Kuchapisha ulichoiga kama chako ni kosa. Mhusika wako akiwa na nywele za huyu, upanga wa yule na maisha ya huyo mwingine, mvue kimoja kimoja, kila ulichovua ukipe mbadala kutoka kwenye orodha yako ya wiki mbili.

Nikimaliza nipeleke wapi?

Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani imekuwa ikiendesha tuzo ya kimataifa ya manga tangu 2007, kwa kazi zilizobuniwa na watu wa nje ya Japani. Kuna pia mashindano ya manga zisizo na maneno, Silent Manga Audition, ambako lugha haimzuii mtu yeyote. Mashaka, kwa kigugumizi chake, angefaa sana huko. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuanza kuchora, hasa idadi ya kurasa.

Lakini kabla ya tuzo, mpe mtu mmoja ile nemu ya karatasi zilizokunjwa. Chagua mtu asiyesoma manga, kama shangazi, fundi wa jirani au dada wa dukani. Usimweleze kitu. Kaa pembeni utazame macho yake, na kalamu mkononi: pale anaporudisha ukurasa nyuma, weka alama, pale anapouruka, weka alama nyingine. Akimaliza, usimuulize kama ni nzuri. Muulize yule kijana alitaka nini.

Kisha rudi kwenye nemu na uanze na zile kurasa zenye alama.